Semina ya Nia, Kisumu: somo zuri, karatasi isisomwe kwa sauti

Kwa anayetafuta mafundisho ya kuchunguza nia, semina ya Jumamosi inayotolewa na kanisa moja hapa Kisumu inafaa kwa sehemu kubwa. Msingi wake ni Mathayo 6: sadaka, sala na kufunga, mambo mema ambayo Yesu anasema yakifanywa ili watu waone, thawabu yake imekwisha kupokelewa.

Kipindi bora ni cha Anania na Safira, mume na mke waliouza shamba wakaficha sehemu ya fedha, Matendo 5. Mwalimu anakaa sana kwenye mstari wa 4: shamba lilikuwa lao, na hata lilipouzwa fedha ilikuwa mikononi mwao. Kosa halikuwa kiasi. Walitaka sifa ya kutoa zote huku wamezuia nyingine. Wahubiri wengi hukitumia kisa hiki kukamua sadaka, kwa hiyo hapa pongezi.

Kisha unapewa karatasi ya safu tatu: nilitenda nini, nani aliniona, ningetoa vilevile kama jina langu lisingetajwa kwenye harambee? Hapo ndipo mambo huharibika. Washiriki huambiwa wasome majibu mbele ya kikundi, na papo hapo kila mtu anaanza kuwaandikia wasikilizaji. Karatasi ibaki kwa mwenyewe. Kikundi kijadili maandiko tu.

Wafilipi 1:15-18 imerukwa, nayo ingewatuliza wanaojihukumu kupita kiasi: Paulo anafurahi Kristo akihubiriwa, hata na wenye husuda. Nenda na Biblia yako na kalamu. Za kuazima hazitoshi.