Ultimate Doom Builder: ya bure, na inafaa kweli

Kwa kutengeneza ramani za Doom, mchezo wa kompyuta wa 1993, anza na programu hii. Ipe faili la DOOM.WAD, lenye data za mchezo, chora vyumba kwa mistari, kisha vikague hapohapo kwa sura ya pande tatu. Hilo pekee linaokoa saa nyingi.

Mlango ndio huwatesa wengi. Chora sekta nyembamba (eneo lililozungukwa na mistari), shusha dari yake hadi sakafuni, mistari yake miwili mipana ipe kitendo namba 1, cha kufungua mlango. Uso wa kila mstari utazame nje, la sivyo mlango haufunguki. Picha za miimo zikazwe chini (chaguo la Lower Unpegged), zisipande na mlango. Kidato cha ngazi kisizidi kimo cha vipimo 24 vya ramani. Mchezaji hapandi zaidi. Menyu za programu hii, kwa kweli, zimejaa mno.