Kipimamvua cha Mkono na Kituo cha Kujiendesha katika Milima ya Mahale

Anayetaka kupima mvua katika Milima ya Mahale, kusini mwa mji wa Kigoma, ambako kilele cha Nkungwe kinafikia mita 2,462 na vifaa hufika kwa boti kisha kwa mabega ya wapagazi, ana njia mbili za kuchagua.

Kipimamvua cha mkono ni chepesi, hakihitaji umeme, na jumla yake ya siku huaminika, mradi awepo mtu wa kukisoma kila siku saa tatu asubuhi. Juu mlimani mtu huyo ni vigumu kumpata.

Kituo cha hali ya hewa cha kujiendesha, chenye paneli ya sola na betri, hurekodi usiku na mchana, na huonyesha mvua ilianza lini na ilikuwa kubwa kiasi gani. Hata hivyo, ndani ya kipimamvua chake mna vikombe viwili vidogo vinavyopokezana kujaa na kupinduka, na kila kupinduka huhesabiwa kama kiasi fulani cha mvua. Jani moja likiziba tundu la faneli inayopeleka mvua kwenye vikombe, maji hupita kwa shida na takwimu huharibika bila yeyote kujua. Mvua kubwa nayo huvizidi kasi vikombe hivyo, kwa hiyo kiasi kinachosomeka huwa pungufu. Tena, paneli iliyo chini ya miti haichaji ipasavyo, ilhali kituo kilichosimama peupe kileleni hukabiliwa na radi.

Kwa maoni yangu, huko juu kinafaa kituo cha kujiendesha, lakini kando yake kiwekwe chombo kikubwa cha kukusanyia mvua ya mwezi mzima, chenye mafuta kidogo ya kuzuia maji yasivukizwe, ili kila anayepanda kusafisha faneli alinganishe jumla hizo mbili.