Warcraft III: Reforged baada ya apdeti ya 2.0: inachezeka, ila anzia kwenye setingi

Nianze na jibu kwa wale wasiopenda maneno mengi: ndiyo, sasa hivi inachezeka, na inachezeka vizuri kuliko sifa mbaya iliyonayo. Ila ukiiwasha ukaiacha na setingi zake ilivyojichagulia yenyewe, na kompyuta yako ni ya kawaida tu, hutaelewa watu wanasifia nini.

Kwa mgeni kidogo tu. Warcraft III ya kwanza ilitoka 2002, nyongeza yake ya The Frozen Throne ikafuata 2003, na ndiyo gemu iliyochanganya vita vya kujenga kambi na mashujaa wanaopanda leveli na kubeba vifaa vya kichawi. Ndani yake ndimo mashabiki walimotengenezea ramani ya DotA, iliyozaa gemu za mashujaa wa timu kama Dota 2. Sasa hiyo Reforged ilikuwa ifanye kitu kimoja, kuchukua gemu ile ile na kuivalisha sura mpya. Ikatangazwa 2018 kwa mbwembwe, ikatoka tarehe 28 Januari 2020, na kelele zilizofuata bado zinakumbukwa. Video za hadithi zilizoonyeshwa kwenye tangazo hazikuwemo, mechi za daraja, zile za kupanda na kushuka nafasi, hazikuwemo, wasifu wa wachezaji haukuwemo, koo za wachezaji hazikuwemo, kampeni za kutengenezwa na mashabiki nazo hazikuwemo. Na kibaya zaidi hata aliyekuwa na gemu ya zamani na hakununua hii mpya alisasishiwa kwa nguvu, akajikuta anapakua faili la kama GB 30 ili acheze kitu kilekile chenye mambo machache zaidi. Ikabidi Blizzard, kampuni yenye gemu hii, waombe radhi hadharani na kurudisha hela kwa aliyetaka.

Nimeyasema hayo kwa sababu huwezi kuipima apdeti bila kujua ilianzia shimo la kina gani. Mechi za daraja zilirudi 2022, yaani zaidi ya miaka miwili baadaye, na katikati hapo waliobeba mzigo ni mashabiki wenyewe na mfumo wao wa kupangiana mechi, W3Champions, ambao mpaka leo kuna watu hawachezi kwingine. Halafu tarehe 13 Novemba 2024, Warcraft ikitimiza miaka 30, ikashuka 2.0 siku moja na matoleo yaliyong'arishwa ya Warcraft ya kwanza na ya pili. Hiyo 2.0 ndiyo ninayoiongelea hapa.

Kitu kikubwa ilicholeta ni uhuru wa kuchanganya sura. Mwanzoni ulikuwa na mawili tu, picha za zamani kama zilivyokuwa 2002 au picha mpya za Reforged, basi. Sasa kuna ya tatu katikati, picha za zamani zilizoongezwa ukali, na unaweza kuamua mazingira yawe ya hivi, majengo yawe vile, askari wawe vingine. Ukisikia hivi unadhani ni urembo tu wa kuchezea nusu saa halafu usahau. Mimi nasema hii ndiyo apdeti ya kasi yenyewe, hata kama haikutangazwa kwa jina hilo, na ngoja nieleze kwa nini.

Kwenye gemu za aina hii mashine inabeba mizigo miwili tofauti kabisa. Wa kwanza ni kuchora: vivuli, majani, mwanga, moshi, nywele za farasi. Huo unabebwa na kadi ya grafiki. Wa pili ni kufikiri: kila askari anatafuta njia ya kupita bila kugonga mwenzake, anachagua adui wa kumpiga, mishale inahesabiwa, uchawi unahesabiwa, na yote hayo yanafanywa na prosesa, tena kwa gemu zenye mizizi ya zamani hivi kazi kubwa inaangukia kiini kimoja cha prosesa vingine vikiwa vimekaa. Ndiyo maana utaona mtu ana kadi ya bei mbaya na bado vita vikianza fremu (idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde) zinashuka, anabaki anashangaa. Kadi haijashindwa, ila haina la kufanya, inasubiri prosesa imalize hesabu.

Waliotengeneza gemu hii mwanzoni waliujua huo mzigo wa pili au waliubahatisha, sijali, lakini sheria zake zinausaidia sana. Kikomo cha chakula, yaani ukubwa wa jeshi lako lote, ni 100 tu, na ukivuka 50 unaanza kukatwa kodi ya dhahabu, badala ya kibarua kuleta 10 anahesabiwa 7, ukivuka 80 anahesabiwa 4. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili anayekaa na jeshi kubwa muda mrefu, vita vingi ni vya vikundi vidogo na mashujaa wawili watatu kila upande. Linganisha na StarCraft, gemu nyingine ya vita ya Blizzard, yenye kikomo cha 200 utaelewa kwa nini hii inapumua kwenye mashine dhaifu. Toleo la 2002 lenyewe liliomba Pentium II ya 400 MHz na RAM ya MB 128, leo hata simu ya bei rahisi ina zaidi ya hapo mara nyingi sana.

Sasa Reforged ilipokuja ilirundika mzigo wa kwanza juu ya ule wa pili. Sura mpya ukizitazama zimesimama ni nzuri jamani, tusiwe wachoyo, knight wa Human na vyuma vyake unaweza kumkodolea macho. Lakini kamera iko juu, mtu mwenyewe anaonekana kama kidole gumba, na ukiwarundika ishirini hapo wakapigana huoni nani ni nani, kila kitu kina urembo mwingi kiasi kwamba hakuna kinachojitokeza. Zile za zamani ni za kikatuni, mabega makubwa, rangi za timu zimekolea, ukitupa jicho tu unajua yule ni Blademaster, shujaa wa upanga wa Orc, anakuja kumuua shujaa wako mwenye damu kidogo. Kwenye gemu ya kasi hivi kuona haraka nako ni kasi, hata kama mashine inatoa fremu 144, usipomtambua adui kwa wakati hizo fremu hazikusaidii kitu.

Kwa hiyo mchanganyiko ninaoupenda mimi baada ya kuchezea hizo setingi ni huu: askari na mashujaa wa zamani walioongezwa ukali, majengo ya zamani pia, mazingira ya Reforged kwa sababu mwanga wake kwenye 2.0 umetengenezwa upya na msitu unapendeza kweli, halafu vivuli chini kabisa na majani chini. Hapo unapata ramani nzuri na vita vinavyosomeka, na kwenye laptopu isiyo na kadi ya maana tofauti unaisikia mkononi, panya haiburuzi tena pale Archmage, shujaa mchawi wa Human, anapoangusha Blizzard katikati ya watu, hapa naongelea uchawi wenyewe siyo kampuni. Kama mashine ni dhaifu zaidi weka mazingira ya zamani pia, usione aibu.

Na usipime kasi kwa kusimamisha kamera kambini dakika ya kwanza, hapo kila mashine ni nzuri. Fungua mechi ya wanne kwa wanne dhidi ya kompyuta, subiri wakutane wote katikati, ndipo uangalie namba za fremu. Namba ya wastani haikusaidii sana hapo, angalia zinashuka hadi wapi wakati moto umewaka, kwa sababu ndipo unapohitaji kubonyeza Town Portal, kifaa cha kukurudisha kambini, ukimbie na shujaa wako hajafa.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalijui na linaleta ugomvi sana kwenye timu. Hizi gemu hazitumiani picha wala mahali alipo kila askari, zinatumiana amri tu, "hawa waende hapa, huyu apige yule", halafu kila kompyuta inahesabu matokeo yenyewe na lazima wote wafike jibu moja kwa wakati mmoja. Maana yake mashine moja ikichelewa, wote mnasubiri, ndiyo lile boksi la kusubiri wachezaji linalotokea na majina na sekunde zinahesabika. Kwa hiyo ukilazimisha sura za juu kwenye kompyuta isiyoweza unawaburuza na wenzako, siyo shida yako peke yako. Kabla ya kulaumu seva, shusha setingi kwanza. Na ukiweza tumia waya badala ya WiFi, intaneti inayoruka ruka inaua mechi kuliko intaneti ya polepole iliyotulia.

Ramani za mashabiki ndiko ambako bado hakujakaa sawa moja kwa moja, na sidhani kama apdeti yoyote itamaliza. Ramani za kulinda minara zinamwaga viumbe mamia kwa pamoja, hakuna tena kikomo cha chakula cha kuwazuia, na tangu 2018 apdeti ya 1.29 iliporuhusu wachezaji hadi 24 kwenye ramani moja badala ya 12, watu wametengeneza vurugu za ajabu. Ramani iliyoandikwa hovyo inajaza kumbukumbu taratibu, dakika ya arobaini kila mtu anatembea kama yuko kwenye matope. Hapo kosa ni la aliyeandika ramani, hata ubadilishe kadi haisaidii.

Malalamiko? Yapo. Zile picha za zamani zilizoongezwa ukali siyo zote zimekaa vizuri, ikoni hasa, wachezaji wengi walipiga kelele kwamba zinaonekana kama zimekuzwa na mashine bila mchoraji kupita juu, na ukizitazama kwa karibu huwezi kuwabishia. Bahati nzuri hata ikoni unaweza kuzirudisha za kale. Video za hadithi zilizoahidiwa 2018 ndiyo basi tena, sahau, unacheza kampeni na mazungumzo yaleyale ya kamera ya juu, ingawa hadithi ya Arthas, yule mwana wa mfalme anayegeuka mwovu, yenyewe haijachuja hata kidogo. Na faili bado ni kubwa mno ukifikiria kwamba wengi wetu tunaishia kucheza na sura za zamani, kungekuwa na chaguo la kupakua hizo tu ningewapa nyota nzima zaidi.

Nyota? Nne kati ya tano kwa mwenye hamu ya mechi za kasi na kampeni, tatu kama unanunua kwa ajili ya sura mpya peke yake, maana kwa hilo kuna gemu nyingine zinapendeza zaidi. Kama ulikuwa nayo tangu 2020 na ukaifuta kwa hasira, hulipi tena, 2.0 inakuja bure, ipakue tu ujaribu ule mchanganyiko niliosema.

La mwisho, kabla hujabonyeza kusasisha: rekodi zako za mechi za nyuma zimehifadhi amri tu, ndiyo maana ni faili dogo hivyo, na sheria zikibadilika kwenye toleo jipya hazifunguki tena. Kama kuna mechi unayoipenda, irekodi kama video kwanza, ndipo usasishe.