Boksi la faiba la matundu manane: anza kukagua raba zake

Kazi yangu ni kufunga intaneti ya faiba majumbani hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igoma. Boksi ninalolifunga mara nyingi siku hizi ni lile dogo jeupe la plastiki ya ABS, la matundu manane. Ndani lina treyi ya maungio, nafasi ya splita (kifaa kinachogawa mwanga wa laini moja) na safu ya adapta za kijani, yaani soketi za kuchomekea waya. Kwa nyumba za kupanga zenye vyumba vingi ndani ya uzio mmoja, nalipenda kwa dhati. Laini moja inaingia, wapangaji wanane wanahudumiwa, na mwenye nyumba hatobolewi ukuta kila anapohamia mtu mpya.

Sifa yake kubwa ni treyi. Kingo zake za mviringo zinaulazimisha uzi upinde taratibu. Faiba ni kioo. Ukiikunja ghafla mwanga unavuja hata kama uzi haujakatika. Nyuzi za G.657A2, aina inayovumilia kupindwa, zinakubali mpindo wa nusu kipenyo cha milimita 7.5, lakini zile za kawaida za G.652D zinahitaji kama 30, na treyi hii inazitosha zote. Hilo si jambo dogo, maana splita ya kugawa mara nane peke yake inakula takriban desibeli 10, na kifaa cha mteja kwenye GPON ya kawaida (mfumo wa faiba unaogawa laini moja kwa wateja wengi) kinafika mwisho kwenye hasi 27 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga. Hakuna cha kuchezea kwenye kona.

Sasa raba, zile za kuziba waya zinapoingia. Boksi limeandikwa IP65: sita ni vumbi lisiingie kabisa, tano ni kuhimili maji ya kurushwa kwa bomba. Mfuniko unatimiza ahadi hiyo vizuri. Tatizo liko chini, waya zinapoingilia. Raba zake zina tundu la duara, wakati waya tunaoingiza nyumbani ni bapa, milimita 2 kwa 3. Unabaki upenyo kila upande, na upenyo huo kwa vijidudu vya ziwani ni mlango wazi. Wanaoishi karibu na maji wanajua vijidudu hao wanavyoinuka kama moshi mwezi unapoandama, kisha wanajaa kwenye kila taa. Kuna boksi nililifungua Kirumba, limefungwa chini ya taa ya baraza: walikuwa wamejaa mpaka kwenye treyi, wamekauka, ukiwagusa wanakuwa unga wa kijivu, na buibui ameshatanda juu yao. Kiini cha uzi ni kama mikroni 9 tu. Chembe moja ya unga ule ikikaa kwenye ncha ya konekta (kichwa cha waya kinachochomekwa kwenye adapta), mteja anakupigia simu kwamba mtandao unakatikakatika.

Kwa hiyo ukienda dukani, fungua boksi kwanza. Kuna toleo lenye raba za mpasuo bapa, linaubana waya barabara, na bei haipishani sana. Chukua hilo. Matundu yasiyotumika yaache na vizibo vyake, na adapta za kijani zipate konekta za kijani tu. Ncha ya konekta ya kijani imechongwa kwa mshazari wa nyuzi 8 (digrii), ukichomeka ya bluu unapoteza mwanga bure.

Jua nalo halilipendi boksi hili. Kule Mabatini, ambako nyumba zimepanda juu ya mawe, ukuta unapigwa na jua na jiwe linarudisha joto. Mfuniko unageuka njano na bawaba zinakuwa kavu. Lifunge chini ya upenu, mbali na taa. Na ule waya wa chuma unaobeba faiba kutoka kwenye nguzo ukatie nje, usiuingize ndani ya nyumba: kioo hakipitishi umeme, chuma kinapitisha, na radi za ziwa hili tunazifahamu.

Kiboksi cha ndani cha matundu mawili hakina shida, nunua chochote chenye kifuniko kinachobana.

Baadhi ya maboksi haya yanafungwa kwa ufunguo wa pembetatu, nao hauwekwi ndani ya pakiti kila mara. Uulizie hapohapo kaunta kabla hujalipa.