Programu ya hali ya hewa niliyoilipia kwa ajili ya wikendi ya Derby

Nyota mbili kati ya tano, na hiyo ya pili ni ya rada peke yake.

Mimi sibeti hata senti kwenye Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za huku kwetu, lakini mvua ya Derby inaninyima usingizi. Naishi Louisville, Kentucky, mtaa wa nyuma ya Central Avenue, na Churchill Downs, uwanja wa mbio zenyewe, naenda kwa miguu. Ijumaa ya mbio za Oaks na Jumamosi ya Derby, mwanzoni mwa Mei, nyua zetu huku zinageuka maegesho. Unasimama barabarani na kibao cha boksi, unapunga mkono, magari yanapanda kwenye nyasi. Uwanja wangu unameza magari tisa nikiyabananisha. Jua likiwaka, kodi ya nyumba imepungua sana. Mvua ikinyesha, tairi zinazunguka papo hapo, tope linaruka, na mgeni mwenye viatu vya bei mbaya anakutazama kana kwamba umemtukana mama yake.

Kwa hiyo mwaka 2025, wiki mbili kabla, nikalipia programu ya simu ya utabiri. Jina lake naliacha. Dola 5 kwa mwezi, na inachojivunia ni utabiri wa saa kwa saa mpaka siku 15 mbele.

Tatizo ni hapo hapo. Siku kumi kabla, iliniambia kwamba Jumamosi tarehe 3 Mei, saa nane mchana, ni jua na digrii 24. Hakuna "huenda", hakuna "labda". Kijua cha manjano kimekaa kimya kwenye kioo. Siku mbili baadaye, radi. Siku mbili tena, kijua kimerudi na wingu dogo pembeni. Nilikuwa naamka usiku wa manane kuangalia simu kama mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba.

Mei ya bonde la Ohio haitabiriki namna hiyo. Hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico, ya baridi inateremka kutoka Kanada, zinakutana juu ya mapaa yetu. Moja ikichelewa nusu siku, mambo yote yamebadilika. Derby ya 1959 joto lilifika digrii 34. Ile ya 1957 halikuvuka digrii 8 mchana kutwa, na mwaka 1989 vilidondoka vipande vya barafu. Sasa mtu anakuchorea jua la saa nane siku kumi mbele! Anakuuzia asichokuwa nacho.

Halafu zile asilimia. Alhamisi ikasema Jumamosi mvua ni asilimia 60. Nikamfuata jirani yangu, mzee mmoja wa Kikongo aliyeegesha magari hapa miaka mingi kuliko mimi.

"Mzee, shikamoo. Hii sitini maana yake nini?"

"Marahaba, kijana. Maana yake nunua mbao."

Kumbe hesabu yenyewe ni uwezekano wa sehemu uliyopo kupata mvua, hata ikiwa robo milimita tu, ndani ya muda uliotajwa. Haisemi itanyesha kiasi gani wala kwa muda gani. Manyunyu ya kulowesha kofia na gharika la 2018, lililomwaga zaidi ya milimita 70 siku ya Derby na kuvunja rekodi ya tangu 1918, yote yanaweza kukaa chini ya namba ileile. Mimi ninayetaka kujua kama nyasi zitabeba gari, namba hiyo hainisaidii, na programu haikuwa na hata mstari mmoja wa kuieleza.

Mzee ndiye aliyenionyesha kwamba ofisi ya Louisville ya National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya serikali na ya bure, inaandika maelezo ya watabiri wenyewe kila siku. Kiingereza chake kimejaa vifupisho, nilitoka jasho. Lakini wanasema wazi wapi wana uhakika na wapi bado wanabahatisha. Baada ya kusoma aya mbili nilikwenda kununua plaiwudi.

Sasa rada, nisiwe mchoyo. Jumamosi simu ilitetemeka mfukoni: mvua inafika baada ya dakika 18. Angani hapakuwa na la kutisha. Nikalaza plaiwudi mbili kwenye mlango wa uwanja, nikavuta gari la mwisho juu yake, na sijamaliza kufuta mikono matone yakaanza. Kwa saa moja au mbili zijazo, programu hii inajua kazi.

Wageni wangu nao walikuwa na yao. Mwavuli hauruhusiwi kuingia Churchill Downs siku hiyo, na watatu waliurudisha garini wakinung'unika. Dada mmoja alivalisha kofia yake mfuko wa nailoni wa dukani, ua la waridi likichungulia kwenye tundu la mkono. Wenye kubeti waliniuliza njia ya farasi itakuwaje, kana kwamba mimi ndiye ninayeigandamiza kwa mitambo ili maji yateleze juu yasizame. Programu haina habari hiyo. Ingekuwa nayo, ningeongeza nyota.

Mbio zenyewe nilizitazama kibarazani kwenye simu ya mzee. Farasi Sovereignty alitoka nyuma kabisa, akampita mwenzake Journalism kwenye tope. Mkufunzi wake, Bill Mott, alishinda pia mwaka 2019 na farasi Country House, na siku hiyo nayo ilikuwa majimaji. Mzee akasema huyo bwana lazima anaongea na mawingu.

Magari manane yalitoka yenyewe. La tisa tulilisukuma watu wanne. Jumatatu nikafuta malipo. Plaiwudi nimezianika nyuma ya nyumba.