Huduma ya mkutano wa wanahisa onlaini: kura iko safi, maswali bado

Mi ni katibu wa kampuni, kwa hiyo nikipima hizi huduma za mkutano mkuu onlaini siangalii video imekuwa kali kiasi gani, naangalia mtu akienda mahakamani kesho kutwa kupinga azimio tutasimama au tutaanguka.

Kwenye kuingia, hawa jamaa wa huduma tuliyotumia wamejitahidi sana. Kila mwanahisa anapata namba yake ya siri kwa esemesi, mfumo unailinganisha na rejista, na kama umemteua mwakilishi inajua, hamwezi kupiga kura wote wawili kwa hisa zilezile. Na hapo ndo sheria inapoanzia. Delaware kule Marekani, kampuni nyingi kubwa zimesajiliwa huko, wanaruhusu mkutano wa onlaini mtupu toka 2000 na masharti yao yanaeleweka: hakikisha aliyeingia ni mwanahisa kweli, mpe nafasi ya maana ya kushiriki na kupiga kura huku anasikia au kusoma yanayoendelea muda huohuo, halafu tunza rekodi ya kura.

Kura nazo zinahesabiwa kwa hisa sio kwa vichwa, matokeo yanatoka na faili lake la ukaguzi, akidi, yaani kiwango cha chini cha mahudhurio ili mkutano uwe halali, mwenyekiti anaiona pembeni ya skrini. Hapo sina neno.

Sasa maswali, jamani. Ukiandika swali linaenda kwa mratibu peke yake, wenzako hawalioni, na wewe mwenyewe huambiwi limefika au halijafika. Mama mmoja mwanahisa wetu wa siku nyingi aliuliza kwa nini gawio limepungua, swali tukalikuta kwenye foleni mkutano ushafungwa na kura ya gawio ishapita! Hiyo sio kushiriki, hiyo ni kuangalia tivii, na mwanahisa mdogo swali ndo silaha yake maana kwa kura hawezi kumshinda mwenye hisa nyingi. Nimewaambia waweke foleni ya wazi inayoonwa na wote, pamoja na laini ya simu ya kuuliza kwa sauti.

Ukitaka kuwatumia, kabla hujalipa fungua kwanza katiba ya kampuni uone inaruhusu mkutano wa mtandaoni au mpaka muirekebishe, na sheria ya nchi yako maana kuna zinazokubali onlaini tupu na kuna zinazotaka ukumbi uwepo pia. Taarifa ya mkutano itoke ndani ya siku za kisheria ikiwa na linki, namna ya kupiga kura, mwisho wa kurudisha fomu ya uwakilishi na namba ya msaada. Templeti yao ya taarifa haina hiyo namba, iongeze mwenyewe.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Wakirekebisha foleni ya maswali nitakuja kuongeza.