Uzoefu wangu: warsha ya Jumamosi nne ya ushairi wa mitaa ya mabanda

Warsha hii hufanyika Nairobi, Jumamosi nne mfululizo, kila kikao kikichukua muda wa saa tatu. Ada ni shilingi 1,500, na ndani yake mna daftari, karatasi ya mwongozo na kurekodiwa shairi moja. Lengo lake ni kufundisha namna ya kueleza dhiki ya mitaa kama Kibera, Mathare na Mukuru kwa taswira, si kwa kulalama. Kikao cha kwanza na cha nne vinastahili kila senti. Cha tatu kinahitaji kuandaliwa upya.

Zoezi la kwanza ndilo lililobeba warsha nzima. Kila mwandishi huandika vitu ishirini vya mtaani, kila kimoja na kipimo chake na bei yake, na vivumishi ni marufuku. Dumu la njano la lita 20. Chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10. Mahindi gorogoro moja. Makaa mkebe mmoja. Mafuta ya kupikia ya kupima. Mtu akiandika "maisha magumu" anaambiwa afute aseme ugumu wenyewe unauzwa kiasi gani. Sababu yake ni ya kweli kabisa: umaskini wa mabanda ni mambo ya vipimo. Anayenunua mafuta kidogo kidogo, kadogo kadogo kama tusemavyo, hulipa zaidi kwa kila lita kuliko anayebeba mtungi mzima dukani. Shairi lisilo na kipimo hicho hubaki kilio ambacho kingeweza kuwa cha mahali popote.

Katika vitu ishirini unachagua kimoja tu, kisha unakipa kazi ya ubeti mzima. Hapa ndipo wengi hukosea: wanajaza vitu vitano katika mishororo minne, na msomaji haoni hata kimoja. Huu ni ubeti niliotoka nao:

Madumu yamepangana, bomba halijafunguka,
Vinywa wazi kama wana, uji bado kuchemka,
Nina kumi, tano sina, bei jana imeruka,
Dumu tupu zito sana, kushinda likifurika.

Mshororo wa tatu awali ulikuwa "Umaskini ni dubwana, nyoyo zetu lazishika." Vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, vilikaa sawa, lakini taswira ilikufa palepale, kwa sababu dubwana halina uhusiano wowote na dumu. Dawa ilikuwa kurudi kwenye orodha na kuchukua bei. Ikishaingia bei, kituo, yaani mshororo wa mwisho, nacho kinapata mantiki: dumu lililojaa lina kilo 20 za maji na linabebeka, ila kurudi na dumu tupu ndiko kunakouma. Neno umaskini halikuhitajika tena. Jambo hili nalipenda kuliko yote katika mbinu hii: taswira inasema shida bila kumvua nguo mwenye shida. Jirani anasitirika nyuma ya dumu lake.

Mwezeshaji pia alikuwa mkali kwa mapambo, na alikuwa na haki. Chukua matundu ya misumari kwenye bati. Karibu kila anayeandika juu ya mabanda huyaita nyota, kwani mchana mwanga hupenya hapo kwa vitone. Anayelala chini ya bati hilo anajua kila tundu ni mahali pa kutega sufuria mvua ikija. Taswira haikutupwa, ilikamilishwa: "Nyota za bati zanyesha, usiku tunazikinga." Mizani nane, mizani nane, yaani silabi nane kila kipande. Nyota ikianza kunyesha, uzuri na adha vinakaa pamoja, na hapo msomaji hawezi kuutazama mmoja akaukwepa mwenziwe.

Kilichokosekana siku hiyo ni hisi nyingine. Zoezi lilikuwa la macho tu, ilhali mabanda husikika na kunukia kabla hayajaonekana. Bati hulia ko! ko! linapotanuka kwa jua la asubuhi. Korogocho, jirani na dampo la Dandora, moshi huingia katika nguo zilizoanikwa. Ningeomba waongeze orodha ya pili ya sauti na harufu, kumi kumi.

Sasa kikao cha tatu, cha mizani. Karatasi ya mwongozo inahesabu "mbao" kuwa mizani tatu. Si kweli. "Mtaro" ni tatu (m-ta-ro), kwa kuwa m hiyo inasimama peke yake. "Mbao" ni mbili (mba-o), kwa kuwa m imeshikamana na b. Lakini "mbu" ni mbili (m-bu), maana shina lake ni silabi moja. Ukiifuata karatasi, kila mshororo wenye mbao utapungukiwa na mizani moja, na ukiimbwa unachechemea. Katika mitaa iliyojengwa kwa mbao na mabati, neno hilo halikwepeki. Shairi linatoka guni, yaani lenye kasoro ya mizani, na aliyeliandika hajui kwa nini. Niliwaonyesha. Walikubali, ila kikao kilikuwa kimeshakwisha.

Tena walifundisha tarbia peke yake, shairi la mishororo minne kwa ubeti, jambo lililonisikitisha, kwa sababu bahari ya shairi, yaani umbo lake, nayo inaweza kubeba maana. Deni linaitaka pindu: kipande cha mwisho cha ubeti kinarudi kufungua ubeti unaofuata. Funga na "deni la jana lakua," kisha anza ubeti mpya na maneno yaleyale, na msikilizaji anaona deni linavyosukumwa kutoka mwezi hadi mwezi. Kodi inakaa vizuri katika kikwamba, kila mshororo ukianza na "Kodi" kama mwenye nyumba anavyogonga mlango. Kisa kirefu, tuseme mafuriko ya Aprili 2024 yaliyosomba nyumba kando ya Mto Mathare, kinataka utenzi wa mizani nane kwa mshororo, kina cha mwisho kikirudi kila ubeti. Ukikilazimisha kuingia katika tarbia ya mizani 16, utaishia kujaza maneno yasiyo na kazi ili kufikia kina cha kati.

Kuhusu Sheng, ushauri wao ulikuwa mzuri na mfupi: itumie pale inapoingia bila kuharibu hesabu. "Keja" na "nyumba" zote ni mizani mbili, kwa hiyo unaweza kubadilisha bila kugusa kingine, isipokuwa neno liwe mahali pa kina.

Kikao cha nne mashairi husomwa kwenye kibanda cha maji, mbele ya watu waliopanga foleni. Wasikilizaji huulizwa mambo mawili: umeona kitu gani, na ni kipi ambacho si cha huku. Majibu ya hapo hayana huruma. "Kuzimu," "shimo la giza" na tabasamu la mtoto kwenye matope vilikataliwa na watu watatu tofauti. Mshororo wa bei ulizua ubishi wa kweli kuhusu shilingi ngapi, na ubishi huo ni ishara kwamba taswira imefika.

Kurekodi ndiko kulikoharibika kabisa. Mvua ilinyesha na chumba kilikuwa cha bati lisilo na dari, basi katika faili nililopewa unasikia mvua tu na vina viwili vitatu. Blanketi nzito iliyotundikwa haizuii kelele inayotoka juu. Ukijiandikisha katika miezi ya mvua, kati ya Machi na Mei, waombe wakurekodi asubuhi kabla ya mawingu kukusanyika, au dai nafasi ya kurudia. Mimi nilipewa yangu wiki mbili baadaye, bila malipo ya ziada.